Oili Aliyoiweka Geofrey

Baba yangu aliiita oili ile mkojo wa mtoto mchanga. Aliyasema hayo mbele za watu, uani kwetu Naipingo, siku mdogo wangu Geofrey alipolileta gari lake nyumbani kwa mara ya kwanza, akafungua boneti na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Baba alichovya kidole, akakisugua kwa dole gumba, akanusa, halafu akajipangusa kwenye suruali.

"Hii nayo oili?" akauliza. "Hii ukiiweka inakimbilia chini yote, vyuma vinabaki vikavu vinasagana. Oili ni namba arobaini. Nzito. Ukiimimina inashuka taratibu kama asali."

Mumwelewe mzee Kipriani. Aliendesha lori la ushirika, lile la kubeba korosho, tangu mimi sijaota meno. Lori lile lilikunywa oili namba arobaini na halikumwacha njiani, kwa hiyo kwake yeye kila chenye injini kilipaswa kunywa namba arobaini, na ungemletea cherehani angeipaka hiyo hiyo. Ni mtu mwema baba yangu, lakini kwa ubishi angeweza kubishana na kengele ya kanisa kwamba imegongwa vibaya. Mimi Dorotea nilirudi kuishi naye ndoa yangu ilipovunjika, na mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nimekula chumvi ya kutosha na mzee huyu na nina haki ya kumsema.

Geofrey naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Namungo, na mwaka ule bahati ilimwangukia, akanunua gari dogo, Isti ya rangi ya fedha. Ilikuwa imetumika, lakini safi. Alikuja nayo huku anapiga honi tangu kule barabarani, mkewe Shakila kakaa mbele na mtoto wao mapajani, na kuku wetu wote wakakimbilia kwa jirani.

"Mzee wangu," akamwambia baba, "lile lori lako lilikuwa na njia za oili anapita panya. Hiki chombo ni cha kisasa. Njia zake nyembamba kama mrija wa soda. Ukiweka uji, asubuhi ukiwasha haupandi juu. Njoo usome hapa kwenye kifuniko. Tano dabliu thelathini. Aliyelitengeneza kaandika mwenyewe, hakungoja ushauri wa Naipingo."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Mtu aliyeheshimika kwa jambo moja maisha yake yote, ukimcheka kwenye jambo hilo hilo umemvua nguo.

Wakaendelea hivyo, kila Geofrey akija ni oili. Ubishi wao ulikuwa mtamu mwanzoni, hata mimi nilikuwa nauchochea. Baba anasema gari litakufa. Geofrey anasema likifa tutalizika, baba uchimbe kaburi. Mungu anisamehe, tulikuwa tunacheka.

Jumapili ya mwisho alikuja peke yake, kipindi kile cha mvua, kwa ajili ya kumwaga oili. Alikuwa hataki fundi aliguse. Akalitupia gunia chini, akaingia uvunguni, akafungua nati, oili ya zamani ikashuka kwenye beseni. Akafunga, akabadilisha filta, akafungua dumu jipya. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali na nilimwona vizuri kupitia mlangoni.

"Baba, nishikie hiyo faneli," akasema.

Baba alikuwa amekaa pale pale, karibu, hana anachofanya. Akamtazama mwanawe na lile dumu, akainuka.

"Ashike huyo aliyekufundisha kuweka maji kwenye injini."

Akachukua jembe akaenda shamba, siku ya Jumapili, baba yangu mimi, ambaye Jumapili hang'oi hata jani. Geofrey alicheka na kutikisa kichwa. Akaiegesha faneli mwenyewe, akamimina kwa mkono mmoja, nyingine ikamwagikia pembeni. Alipomaliza akafuta kila kitu kwa fulana yake ya zamani ya mpira, ile ya rangi za timu ya Ruangwa. Alikula ugali, akamsubiri baba mpaka akachoka. Barabara ya machimboni ilikuwa tope tupu, kwa hiyo akaliacha gari uani akapanda bodaboda. "Mwambie mzee nikirudi nitamletea lita moja ya asali yake," akaniambia.

Hakurudi. Wiki ile ile shimo walilokuwa wanachimba lilititia asubuhi, udongo ukiwa umelowa mpaka ndani. Walimtoa jioni. Nilipoletewa habari nilikuwa napepeta mpunga, na mpaka leo sijui ule mpunga aliumalizia nani.

Tulimzika nyuma ya kanisa la kigango, karibu na mama. Saturnini, seremala wetu, alitengeneza msalaba wa mbao akachonga jina na miaka. Alituambia ukweli kwamba mbao zile ni za haraka, si mninga, na kwamba tukipata nafasi tuweke msalaba wa saruji. Tulisema ndiyo. Watu wa msiba husema ndiyo kwa kila kitu.

Tulipoanua matanga, ukoo ulikaa kikao. Mjomba wetu aliuliza Geofrey kaacha nini, jibu likawa fupi: mke, mtoto wa kike, na gari. Wote wakakubaliana gari ni la Shakila na mtoto. Shakila angerudi kwanza kwao Mbwemkuru apumzike na uchungu. Kaka yake, Jumanne, alikuwa Dar anajifunza udereva. Akirudi mwanzoni mwa msimu wa korosho, gari litakuwa mikononi mwake, litabeba abiria Ruangwa na Nachingwea, na Shakila na mtoto watakula hapo. Mpaka wakati huo baba alitunze na kuliendesha kidogo kidogo, kwa sababu gari likikaa linaoza.

"Nitalitunza," baba akasema. Hilo ndilo neno pekee alilosema kikao kizima.

Basi akaanza kulitunza. Kila asubuhi, kabla ya chai, alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa ile fulana ya Geofrey, akakirudisha, akakichomoa tena na kukitazama. Dereva yeyote mwangalifu hufanya hivyo, kwa hiyo sikushangaa. Nilichoshangaa ni kwamba alikuwa anakaa nacho. Anakishika kile kijiti mbele ya macho mpaka chai inapoa. Siku moja nikamwona anakisemesha kwa Kimakonde, kwa sauti ya chini, sauti aliyokuwa anatubembelezea tukiwa wadogo. Nikarudi ndani.

Ufuta ulipokomaa gari lilifanya kazi sana. Baba alipeleka watu mnadani, akawafikisha wagonjwa mjini, akabeba magunia mpaka nyuma ikakaa chini. Aliendesha vizuri, polepole, kama kabeba mayai. Lakini oili hakumwaga. Geofrey alikuwa na kawaida ya kuandika kwa chaki kilomita za kumwaga oili tena, pembeni pale ndani ya boneti, na ile namba yake ilipitwa, ikapitwa tena. Nilipomkumbusha baba, alisema bado.

Kiangazi kilipokolea nikaona kijiti kimeanza kukauka juu. Oili ilikuwa inapungua, na iliyobaki ilikuwa nyeusi kama masizi. Nikamlazimisha twende kwa Eustakio.

Eustakio ana gereji yake ya mabati pale Nachingwea mjini. Ni mnene, mcheshi, na kwake hapakosi watu wenye vikopo. Wanafuata oili chafu. Huku kwetu oili chafu haitupwi, watu wanaipaka kwenye nguzo za nyumba na za uzio ili mchwa wasile. Ukimwaga oili kwa Eustakio, kabla hujafunga nati imeshapata wenyewe.

Alichomoa kijiti, akadondoshea tone kwenye karatasi, tone likabaki pale pale jeusi.

"Mzee Kipriani, shikamoo tena," akasema. "Hii oili imekufa zamani. Lete nyingine leo leo, ile ile tano dabliu thelathini. Marehemu alikuwa sahihi, injini hii ndiyo inayotaka."

"Najua alikuwa sahihi," baba akasema.

Nilimgeukia. Sikuwahi kumsikia baba yangu akisema neno hilo juu ya mtu mwingine.

"Sasa kama unajua, mbona humwagi?"

"Si umesema ni nzuri?"

"Mzee wangu, nzuri ilikuwa. Hata maji ya kisimani ni mazuri, lakini ukishaogea huyaogei wiki nzima. Basi hata tuongeze kidogo. Usitembee hivi. Injini itanoki hii, mzee, vyuma vishikane, na ikinoki ndiyo basi."

"Nikiongeza, yake itapotea humo."

Eustakio akanitazama. Watu wenye vikopo nao wakatazama chini. Baba akafunga boneti kwa taratibu, akawasha, tukaondoka.

Nilimlipukia njiani. Sikuvumilia, mimi si mtu wa kuvumilia. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa, halafu nikajuta kulitaja neno kufa. Nikamwambia gari si lake, ni la yatima, na kwamba akiliua atamtazamaje Shakila. Aliendesha mpaka tulipofika karibu na nyumbani, akasimamisha pembeni.

"Aliniomba nishike faneli, Dorotea," akasema. "Kushika faneli tu. Ile ni kazi anayopewa mtoto. Nikamnyima."

"Nilikuona, baba."

"Ulimwona alivyoimimina? Uliniambia nyingine ilimwagikia pembeni, kwa sababu hakuwa na mtu. Hii iliyoingia ndiyo aliyoimimina kwa mkono wake. Nikiifungulia ile nati, mimi nabaki na nini chake?"

"Unabaki na gari! Mjukuu wako anabaki na gari!"

Baba alikuwa analia bila kujificha, mikono yote miwili kwenye usukani. Nilitaka kumshika bega, nilitaka pia kumtikisa, na kwa kuwa sikujua nianze na lipi nilishuka nikatembea.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe dukani kwa Saburi, anayeuza vipuri karibu na soko. Nilijiambia huyu mzee nikimwekea oili mbele ya macho, sahihi kabisa, ya Geofrey ile ile, moyo wake utalegea. Saburi alinitolea dumu la oili nzito. Alisema joto la huku linataka nzito, na gari lililotembea linataka nzito zaidi, inaziba pale palipolegea.

"Kifuniko kimeandikwa tano dabliu thelathini," nikamwambia.

"Dada, hivyo vifuniko viliandikwa kwenye baridi kwao."

"Nipe ilivyoandikwa."

Nikaikagua kama nilivyomwona Geofrey anavyokagua. Niliangalia kwanza kama muhuri wa kifuniko haujaguswa, maana kuna watu wanaokota madumu matupu wanajaza oili iliyochujwa na kuyauza upya. Nililitikisa, nikalisikiliza, nikasoma namba mara ya pili. Nililipeleka nyumbani nikaliweka kwenye kiti cha nyuma cha gari, pale ambapo baba hawezi kuingia bila kuliona. Aliliona. Siku ya pili nikalikuta chini, nyuma ya kiti cha dereva, kalifunika na gunia. Nikamrudishia juu ya kiti. Akalirudisha chini. Hatukusemezana juu ya dumu lile, lakini lilikuwa linapanda na kushuka kila siku.

Mchana mmoja nilikwenda makaburini kufyeka. Mchwa walikuwa wameshaanza msalaba wa Geofrey. Njia yao ya udongo ilitoka chini, ikapanda, ikafika karibu na herufi ya kwanza ya jina. Niliibomoa kwa panga. Jumapili iliyofuata ilikuwa imejengwa tena. Nikamwambia baba, akasema ameona.

Jumanne akarudi na leseni yake. Shakila akapiga simu, sauti yake imechangamka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akamwomba baba alilete gari Mbwemkuru, wao wangeandaa chakula. Baba akasema ataleta. Aliliosha siku nzima. Aliosha mpaka matairi kwa mswaki. Ile namba ya chaki ndani ya boneti hakuifuta.

Asubuhi ya safari nilipanda naye. Nikamwambia, baba, hii ndiyo siku yenyewe. Tunapita Nachingwea, tunasimama kwa Eustakio, dumu lipo nyuma, tunamwaga, tunaendelea. Unamkabidhi mkwe wako gari zima. Nilisema kwa upole ambao sijazaliwa nao.

"Sawa," akasema.

Nikamshukuru Mungu. Tukaingia mjini, nikaanza kuyaona mabati ya Eustakio, nikamwona mwenyewe kasimama nje anapiga mswaki. Baba akapunguza mwendo. Akaweka mkono kwenye gia. Eustakio akatuinulia mkono. Baba naye akamwinulia mkono, halafu akakanyaga mafuta tukapita.

"Baba!"

"Nitamwambia Jumanne amwage kesho. Leo niache nifike nayo."

Vumbi la kiangazi lilikuwa limejaa barabarani, malori ya korosho yanatupita. Tulifika Ruangwa salama. Tulipoiacha Ruangwa nyuma, taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema ni waya. Dereva wa lori wa miaka yote ile ananiambia mimi kwamba ni waya. Halafu injini ikaanza kugonga, mwanzoni kama mtu anabisha hodi kwa heshima, kisha kama anataka kuvunja mlango.

"Simama, baba. Nakuomba kwa jina la mama, simama tuongeze."

Alikuwa anasogea pembeni. Kweli, alikuwa ameshawasha taa ya kusimama. Injini ikapiga kishindo kimoja cha chuma, gari likajikwaa na kunyamaza. Tukateleza kidogo, tukasimama karibu na nyasi.

Hakugusa ufunguo. Yeye alijua. Mimi ndiye niliyeshuka, nikafungua boneti, nikachomoa kijiti. Kilitoka kikavu, na nchani palikuwa na uji mweusi unaometameta vipande vya chuma. Nikalitoa lile dumu nyuma ya kiti, muhuri wake haujakatwa bado, nikaliweka barabarani mbele yake. Sikuwa na neno la kumwambia lililokuwa baya kutosha.

Nilimpigia Shakila simu, akaja na bodaboda, Jumanne akiwa nyuma yake na bodaboda nyingine. Shakila alikuwa amembeba mtoto. Mtoto alikuwa amesukwa, amevalishwa gauni la sikukuu na viatu. Shakila akatazama boneti iliyo wazi, akamtazama baba aliyekaa kwenye nyasi, hakuuliza kilichotokea. Jumanne aliingia akajaribu kuwasha, ikatoa mlio mmoja wa kukwama.

"Imenoki," akasema.

"Nilimwambia mtoto gari la baba yake linakuja," Shakila akasema. "Tangu alfajiri amekaa mlangoni."

Mtoto alishuka akaenda kushika taa ya mbele. Alilifahamu gari. Akazunguka mpaka mlango wa dereva, akachungulia ndani, akazunguka upande wa pili akachungulia tena. Kisha akamuuliza mama yake baba yuko wapi. Sote tulimsikia, na baba yangu akaziba uso kwa mikono.

"Nimeliua, mwanangu," akamwambia Shakila. "Mimi mwenyewe. Waliniambia, nikakataa."

Shakila hakumtukana. Ningefurahi angemtukana. Alikaa chini kwenye nyasi hizo hizo, mbali kidogo, akavua kilemba akajifunika nacho uso, akalia kilio cha siku ya kwanza kabisa, kana kwamba habari ya Namungo ndiyo kwanza inamfikia.

Lori la mtu tunayemfahamu lilituvuta mpaka kwa Eustakio. Alilifungua akaangalia, akaifuta mikono muda mrefu. Injini ya kubadilisha hatukuwa na namna ya kuipata, na kila mtu pale alijua. Alimwambia baba atalihifadhi uani kwake, asiwe na wasiwasi. Kisha akasema sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, lazima ifunguliwe aone zaidi, akaweka beseni chini na kufungua nati.

Ilitoka kidogo sana. Mwenye kikopo mmoja akasogea.

"Hii hapana," baba akasema. "Hii ni yangu."

Eustakio akatafuta kidumu kitupu, akainua beseni. Alikuwa hajui lolote la Jumapili ile, hakuna aliyekuwa amemsimulia. Alikuwa tu na mikono miwili, yote kwenye beseni.

"Mzee," akasema, "nishikie hiyo faneli."

Baba hakusogea. Nilidhani hakusikia, nikataka kuichukua mimi. Akanitoa kwa kiwiko. Akapiga magoti kwenye mchanga ule mweusi wa gereji, akaishika faneli kwa mikono yote miwili, juu ya mdomo wa kidumu, akaisogeza, akaisogeza tena mpaka ikakaa sawa, Eustakio anamngoja. "Mimina," baba akasema. "Nimeshika." Halikumwagika hata tone.

Baadaye baba alimpa Shakila mikorosho yetu ya upande wa barabara, ile inayozaa vizuri. Mjomba alikuwa shahidi. Shakila alipokea kwa heshima, maana ana adabu, lakini mkorosho haumpeleki mtoto hospitali, na haupigi honi kuanzia barabarani. Sasa amehamia Ruangwa, anauza vitumbua stendi. Mtoto akiona Isti ya rangi ya fedha hukimbilia dirishani, Shakila mwenyewe aliniambia. Mimi na baba hatukuongea siku nyingi. Nilikuwa nampikia, namwekea, naondoka.

Kile kidumu alikiweka chini ya kitanda. Nikaapa moyoni kwamba akianza kukisemesha kama alivyosemesha kijiti, nitakitupa chooni na liwe liwalo.

Jumapili, baada ya ibada, akakitoa. Alikuwa na brashi aliyotengeneza kwa nyuzi za katani. Hakuniita, lakini nilimfuata, kwa hasira zangu, nimwone anafanya upuuzi gani tena. Alikwenda mpaka kaburini. Mchwa walikuwa wameshafika kwenye jina. Akaukwangua udongo wao kwa kisu, taratibu, akapuliza vumbi kwenye kila herufi. Mbao ilikuwa imeliwa chini lakini moyo wake ulikuwa bado mzima. Akachimba kidogo pale msalaba ulipoingia ardhini, akaanza kupaka kutokea huko.

Oili iliingia kwenye mbao mara moja. Alipaka mguu wa msalaba, akapaka mgongo, akapaka mikono yote miwili ya huo msalaba. Alipofika kwenye jina akapunguza nguvu, akapita kwa ncha ya brashi katikati ya herufi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake muda wote huo, na hasira niliyokuja nayo nilikuwa naitafuta siioni. Nikapiga magoti nikamshikia kidumu, kimeinamishwa, ili brashi ifike chini kabisa.

Alipomaliza herufi ya mwisho alibaki ameshika ule msalaba, viganja vyote vyeusi.

"Oili yako ilikuwa nzuri, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekataa kuimwaga."